Kistari Changu Kikageuzwa Nukta

Nianze kwa kusema wazi: mimi siogopi mashine. Nimepiga chapa miaka ishirini na saba, mingi yake nikiwa kibarazani karibu na mahakama za Makadara, mbele ya taipureta ya chuma ambayo niliibeba mwenyewe asubuhi na jioni. Watu walikuja na mashamba yaliyouzwa mara mbili na waume waliokana watoto, wakasimama mbele yangu wakasimulia, nami nikawaandikia hati za kiapo bila kutazama vidole vyangu. Kwa hiyo binti yangu akiwaambia wenzake kwamba mathe anaogopa teknolojia, huwa naudhika, na simfichi. Mwoga hukimbia. Mimi nimekataa, na bado nimekaa hapa hapa.

Nilipoacha kazi, binti yangu ndiye aliyenifungulia blogu. Yeye kazi yake ni kutengenezea maduka ya mjini tovuti, na nadhani alitaka nipate kitu cha kunishughulisha nisimpigie simu kila saa. Nikaanza kuandika kuhusu Tena, mtaa ninaoishi: siku za maji, kinyozi anayewahubiria wateja wakati hawawezi kusimama waende zao, na baba yangu, mchongaji kutoka Ukambani, aliyechonga simba wengi sana wa kuwauzia watalii na hakuwahi kumwona hata mmoja. Ukurasa wa kuandikia ulikuwa mweupe, mtupu. Unaanza juu, unashuka, ukichoka unaacha. Wasomaji wangu walikuwa wachache, wengi wao wa kanisani, na niliwapenda.

Halafu asubuhi moja nikafungua kompyuta nikakuta ukurasa wangu umeondolewa. Mahali pake pana kisanduku, na ndani ya kisanduku maneno ya rangi ya majivu yakiniambia niandike, au nipige alama ya mkwaju nichague bloki. Nikampigia binti yangu.

– Bloki ni nini? nikamuuliza.

– Wamebadilisha tu, mathe. Sasa kila kitu ni bloki. Paragrafu ni bloki, picha ni bloki, kichwa ni bloki. Unazipanga vile unataka.

– Na nikitaka kuandika?

– Si ndio hiyo, unaandika ndani ya bloki. Ni rahisi, wacha stress.

Mimi nimekulia kwenye nyumba za bloki. Naijua bloki: bomba moja, choo kimoja, na jirani anayejua umepika nini kabla hujapakua. Sikudhani ingenifuata mpaka ndani ya sentensi zangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu wa taipureta, na sijui kama mwingine angelifanya. Sisi tulifundishwa kwamba mstari ukikaribia mwisho kengele inalia, unasukuma mkono wa mashine, unashuka, unaendelea. Kengele hailii siku hizi lakini kidole changu bado kinaisikia, na kila inapolia napiga Enta. Ukurasa wa zamani ulinivumilia. Huu mpya, kila nikipiga Enta, unanijengea bloki nyingine. Hadithi yangu ya kwanza ya kurasa mbili ilitoka na bloki tisini na kitu, kila mstari umefungiwa chumba chake. Nikitaka kufuta maneno kuanzia hapa hadi pale, najikuta nimeshika visanduku vizima. Nikigusa neno moja nilisahihishe, kinaibuka kibao cha vitufe na kufunika mstari wa juu yake, ule ule ninaouhitaji ili nijue nilikuwa nasema nini. Nimewahi kusikia wanasifu kwamba ni kitu cha kumrahisishia mwandishi. Nani aliyewauliza waandishi? Mimi sikuulizwa.

Lakini kilichonikasirisha zaidi ni kistari. Mimi mazungumzo nayaandika kwa kistari. Mtu akisema, kistari. Mwingine akijibu, kistari. Sasa mashine hii ikiona kistari mwanzoni mwa bloki, na nafasi nyuma yake, inaamua kwamba unaandika orodha. Inakifuta kistari chako mbele ya macho yako na kuweka nukta nyeusi. Wanawake wawili wanagombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo, na maneno yao yamepangwa kwa nukta utadhani ni unga, sabuni, majani chai. Nilirudisha kistari. Ikaweka nukta. Nikarudisha tena, mara kumi na moja nikihesabu kwa sauti, na mara ya kumi na mbili nikaiambia neno ambalo singependa mchungaji alisikie.

Binti yangu alinishauri nitumie alama za kufungua na kufunga semi, kama kila mtu. Nikamwambia mimi si kila mtu. Tukanuniana siku mbili.

Haya yote ningeweza kuyacheka, kama yasingemgusa jirani yangu.

Jirani yangu ni mama wa kutoka upande wa magharibi, amenizidi miaka kama kumi, na nyumba yake iko chini ya yangu. Mimi ananiita karani. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Mchana anakaa mlangoni akichambua mrenda, na kwa vidole hivyo vitatu anamaliza fungu kabla mimi sijamaliza kulilalamikia jua. Tulikuwa majirani miaka minane kabla hajaniambia habari za vidole viwili vilivyobaki kiwandani. Aliniambia siku moja bila kuulizwa, huku akichambua. Alipomaliza akasema:

– Andika hiyo. Hizo habari za kinyozi tumetosheka.

Wakati huo alikuwa kijana, akikaa mtaa wa Lucky Summer, akitembea kwa miguu kwenda kiwanda kimoja cha vitambaa. Mashine yake ilikuwa na rola mbili zinazobana kitambaa na kukivuta, na kifuniko cha kukinga mikono kilikuwa kimeng'olewa ili kazi iende mbio. Kitambaa kikashika mkono wa sweta yake, kikaenda nao. Siku ya tatu akiwa hospitalini, msimamizi alikuja na karatasi iliyopigwa chapa tayari, pamoja na wino wa kupigia kidole. Karatasi ilisema: Mimi nilikuwa nimesinzia kazini, na kosa ni langu. Msimamizi alitaka kidole gumba tu. Huyu mama akaficha mkono wake wa kulia, ule mzima, chini ya blanketi, akakataa kuutoa. Msimamizi alirudi mara mbili. Mara zote mbili mkono ulibaki chini ya blanketi. Kazi ikaisha hivyo, na pale kiwandani wakaanza kusema kwamba alisinzia, na baadaye mtaani, na hata ndugu zake wengine. Alichobaki nacho katika jambo lile ni kwamba hakutia kidole.

Niliiandika kwa siku nne. Nilipanga kama alivyosimulia. Karatasi ilikuwa imeandikwa, kisha maneno ya ile karatasi, kisha, Nikamjibu, kisha jibu lake: Sitii kidole hapo. Mashine ikavigeuza vistari vyangu vyote kuwa nukta, nikaziacha kwa sababu nilikuwa nimechoka kupigana. Bado najilaumu kwa huko kuchoka. Kilichobaki kilikuwa picha. Alikuwa amenikubalia nipige picha ya ule mkono umeshika mrenda, nami nikaona ikae katikati, kwenye simu, kwa sababu picha ilikuwa kwenye simu. Ili kuweka picha unagusa alama ya kujumlisha, ndogo kama punje ya ndengu. Pembeni yake kuna mshale mdogo vile vile. Niligusa. Kitu kikashtuka kwenye skrini. Nikadhani ni picha inatafuta mahali pa kukaa. Nikatazama picha, nikaiona imetulia, nikagusa Chapisha.

Jumapili, baada ya ibada, kina mama walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri chai. Mmoja wao akatoa simu, akaonyesha picha ya mkono, akasema leo blogu imeandika mtu wetu. Akaanza kusoma kwa sauti, na jirani yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, uso umenyooka. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Yule mama akasoma vizuri, pole pole, hadi akafika hapo. Akasoma: Nikamjibu. Halafu akasoma: Mimi nilikuwa nimesinzia kazini, na kosa ni langu.

Msomaji aliendelea mistari miwili, akasita, akarudi nyuma akasoma tena kimya kimya. Kisha mwingine, ambaye nina hakika hakuwa na nia mbaya, akasema:

– Kumbe ulisinzia, mama? Na ulituambia ni mashine.

Jirani yangu alinitazama mimi. Akafunga leso yake kiunoni, akasimama, akaondoka kabla ya chai.

Nilikimbia nyumbani kufungua. Ule mshale ulikuwa umeshusha bloki moja hatua moja, basi. Maneno ya karatasi yalikuwa yamepita chini ya Nikamjibu, na kwa kuwa kiwandani waliyaandika kana kwamba ni yeye anasema, yakaingia mdomoni mwake yakakaa. Hakuna kilichofutika. Hakuna neno lililokosewa herufi. Kile ambacho msimamizi hakukipata kwa kuja hospitalini mara tatu, mimi nilikuwa nimempa kwa kidole kimoja. Nilifuta kila kitu nikalia jikoni, kisha nikashuka kubisha hodi. Hakufungua. Kesho yake hakufungua. Alihamishia mrenda ndani, na wiki tatu mlango ule ulikuwa umefungwa mchana kweupe.

Binti yangu alipokuja nilimweleza. Alisikitika kweli, si mtu mbaya.

– Lakini mathe, hiyo ni ya kukosa kuzoea. Kuna hata kitufe cha kurudisha nyuma ukikosea.

– Kinarudisha nyuma na kina mama wa kanisa?

Nikamwambia nataka kuiandika upya, yote kwa mara moja, bila bloki, na kama haiwezekani nitaipiga kwa taipureta nibandike kwenye mlango wa kinyozi. Alijua sitanii. Akavuta kiti, akanionyesha kwamba ukishikilia kitufe cha herufi kubwa halafu upige Enta, mstari unashuka lakini bloki haizaliwi. Ukifanya hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, hadithi nzima inakuwa bloki moja, haina cha kuhamia juu wala chini, na kistari kikiwa katikati kinaachwa kikae.

Kitufe hicho ninakibonyeza kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nilipiga mistari mingi siku ile, na kila mstari nilikumbuka kwamba kidole hicho yeye hana.

Nilipomaliza binti yangu alitazama skrini akashika kichwa.

– Mathe, hii ni ukuta. Wasee hawasomi ukuta. Wanaskroli tu.

– Waskroli.

– Na ona, imekupa alama nyekundu. Inasema paragrafu ni ndefu, sentensi ni ndefu, hakuna vichwa vidogo.

Kweli kulikuwa na kasura kekundu pembeni, kamekunja uso. Nimekunjiwa uso na mawakili, mahakimu, na askari wa jiji, kanjo, waliotaka kuninyang'anya kibaraza, na sikuhama. Nikakaacha kakunje. Mama yule alisimulia bila vichwa vidogo. Hakusimama katikati ya maumivu yake kuniwekea nukta tatu muhimu za kukumbuka. Anayeona ni ndefu mno na apite, nami sitamshika shati.

Ila sikuichapisha. Nilishuka na simu, hadithi nzima ikiwa ndani yake, nikakaa kwenye ngazi mbele ya mlango wake, nikasema kwa sauti kwamba siondoki, na kwamba mgongo wangu ukikatikia pale yeye ndiye atakayenibeba. Baada ya muda mlango ulifunguka.

– Karani, umekuja kuniandika nini tena?

– Nimekuja kukusomea kwanza. Ile ilikuwa mashine, mama. Maneno yalishuka, sikuyashusha kwa kutaka.

– Mashine, akasema.

– Ndiyo, mama.

– Mimi nilisema ni mashine. Nani aliniamini?

Nilikuwa nimeshuka ngazi zile nikiwa na hasira zangu zote dhidi ya hivyo visanduku, nimejiandaa kuvishtaki, na hapo niliona aibu tupu. Akaniuliza:

– Wewe ulikuwa umesinzia?

– Hapana. Nilikuwa macho. Ila sikuisoma tena kabla ya kuitoa. Hilo ni langu.

– Hilo ni lako, akakubali. Nionyeshe hicho kitu.

Nikamfungulia kwenye simu, nikamwonyesha alama ya kujumlisha, na mshale ulio pembeni yake. Akaweka kidole chake juu, kikafunika vyote viwili. Akaondoa, akaweka tena. Aliitazama ile skrini kwa macho ya mtu aliyefanya kazi na mashine na anajua zinapojeruhi.

– Hakuna kifuniko, akasema.

Akanipisha niingie. Nikakaa kwenye kochi, yeye akaketi mkabala nami, nikamsomea bloki yangu moja tangu kutoka kwake Lucky Summer asubuhi ile hadi mara ya tatu ya msimamizi. Kwenye maneno ya karatasi nilisoma taratibu, nikamwangalia. Hakutikisika. Nikasoma: Nikamjibu. Nikasoma: Sitii kidole hapo. Akavuta pumzi na kuishusha. Nilipofika mwisho nikangoja aseme kama nitoe au nisitoe.

– Huyu "mama mmoja" ni nani?

– Ni wewe.

– Mimi siitwi mama mmoja.

Nikamweleza kwamba nilificha jina kwa ajili yake, kwamba watu wana midomo, kwamba yaliyotokea kanisani yametosha. Aliniacha nimalize, akakohoa kidogo.

– Ile karatasi yao ilikuwa na jina langu. Yote matatu. Waliyapiga chapa vizuri, hakuna hata moja walilokosea. Uongo walitoa na jina langu, wewe ukweli unautoa bila?

Nilifikiria mpiga chapa wa kiwanda kile, mtu wa kazi yangu, aliyekaa akapiga majina matatu ya msichana aliye hospitalini, akakagua herufi, akatoa karatasi kwenye mashine bila kuuliza swali. Huenda hata mimi niliwahi kupiga karatasi kama hiyo. Kwa miaka ishirini na saba, siwezi kuapa kwamba sikufanya hivyo. Nilimwambia hivyo.

– Andika, akasema.

Nikafuta mama mmoja kila mahali palipokuwa na mama mmoja. Akanitajia majina yake herufi kwa herufi, kwa sababu la katikati watu hulikosea, nami nikayaandika juu kabisa, mahali pa kichwa. Hapa ninaposimulia yangu simtaji. Kule yupo, yote matatu, yeyote anaweza kuyasoma. Akanisogelea akaniambia nishuke hadi mwisho, kuna mstari umebaki. Akausema mwenyewe, nami nikaupiga: Sikusinzia. Halafu, kabla sijauliza, akanyoosha ule mkono wa vidole vitatu na kugusa Chapisha kwa kidole gumba.